Nataka kuwa mpasuaji wa wanamichezo na mtafiti wa majeraha yao. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya vijana ya mkoa mpaka ligamenti (ule utepe unaoshikanisha mifupa) ya goti la kushoto ilipokatika nikiwa kidato cha sita. Nilitibiwa nikapata nafuu, lakini uwanjani sikurudi. Sasa nataka kuwa daktari wa upasuaji wa wanamichezo, na zaidi ya kupasua nataka kutafiti kwa nini wanaumia. Wenzangu wanasema hiyo ni kazi ya Ulaya na Marekani, huku kwetu haipo. Ni kweli? Na njia yake ikoje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua nyingi ninazopata juu ya kazi hii huuliza inalipa kiasi gani, na ni timu gani kubwa mtu anaweza kuitumikia. Wewe umeuliza kwa nini wanaumia. Shikilia hapo hapo. Kisu hufundishika, lakini swali hilo lisipomkera mtu tangu ujanani, ni vigumu kumpandikizia baadaye.

Njia nitaipitia haraka, maana sehemu yake kubwa unaijua. Hapa Tanzania unamaliza shahada ya miaka 5, unafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, unasajiliwa. Kwa ndugu zetu wa Kenya shahada yenyewe ni miaka 6. Kisha unatafuta ubingwa wa mifupa na majeraha, na milango ni miwili. Mmoja ni shahada ya uzamili chuoni, kama pale Muhimbili, ambako wanafunzi hujifunzia katika Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mwingine ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha: miaka 2 ya misingi ya upasuaji, halafu miaka 3 ya fani yenyewe, huku ukifanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa kufundisha. Juu yake unaongeza ubingwa bobezi wa goti, bega na upasuaji wa kamera, mwaka mmoja au zaidi, na mara nyingi utausafiria. Ukihesabu na miaka ya kazi katikati, utakuwa umeshavuka thelathini kabla hujakabidhiwa goti la mchezaji uliamulie peke yako.

Katika ngazi hiyo yote hakuna kidato kinachoitwa utafiti. Ndiyo maana wengi huuahirisha. Wanasema wataanza wakishakuwa mabingwa, na wakishakuwa mabingwa foleni ya wagonjwa inawameza. Mimi nakwambia anza sasa, kabla hujaruhusiwa kushika kisu, kwa sababu utafiti wa majeraha ya michezo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji ubingwa.

Mtu ninayependa kuwasimulia wanafunzi wangu ni Jan Ekstrand wa Uswidi. Ni mpasuaji wa mifupa kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, bado hakijawa cha kawaida, alizifuatilia timu za mpira wa miguu na kuandika kila aliyeumia, kiungo gani, na alikuwa akifanya nini. Akachukua timu 12. Sita akaziachia zifanye kama zilivyozoea. Sita akazipa mpango: kupasha misuli na kunyoosha ipasavyo, vilinda ugoko vizuri, kufunga plasta enka zilizokwisha kulegea, majeruhi kutorudi mpaka amalize mazoezi ya tiba chini ya usimamizi, na mwenye goti lisilo imara kabisa kuwekwa nje. Zile zilizopewa mpango zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 75. Hakuna kisu hapo. Lakini angalia ni nani aliyebuni mpango huo: mtu aliyekuwa amekwisha kuyaona magoti kwa ndani, akajua yanaharibikaje.

Mwaka 2001 Ekstrand akaanza kuzifuatilia klabu kubwa za Ulaya kwa ajili ya UEFA. Kutokana na kazi hiyo tunajua leo kwamba kikosi cha wachezaji 25 kitapata majeraha yapatayo 50 kwa msimu, wastani wa mawili kwa kila mchezaji, na kwamba jeraha linaloongoza ni la nyama za nyuma ya paja. Tunajua pia kwamba katika kila saa 1,000 za mazoezi kuna majeraha kama 4, lakini katika saa 1,000 za mechi yanafika 27 na ushei.

Hizo saa 1,000 ndizo ninazotaka uzielewe vizuri. Ukisema timu A imeumiza watu 9 na timu B watu 5, hujasema kitu, maana huenda timu A imecheza mara mbili zaidi. Kwa hiyo tunagawanya majeraha kwa saa za kucheza, tunazidisha kwa 1,000. Sasa piga hesabu ya ndondo ya mtaani kwenu. Wachezaji 22 wakicheza saa moja na nusu, hizo ni saa 33. Mechi 30 ni saa 990. Yaani mashindano ya mwezi mmoja kwenye uwanja wa mchanga yanakupa karibu saa 1,000 za mechi, kipimo kile kile wanachotumia Ulaya. Unahitaji daftari, kalamu, saa, na subira ya kukaa kwenye jua.

Ugumu hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kuamua nini kihesabiwe. Kanuni inayotumika sana inasema jeraha ni lile lililomfanya mchezaji akose mazoezi au mechi inayofuata. Kwenye klabu yenye daktari na kocha wa viungo, hilo ni rahisi. Kwetu mchezaji asipoonekana mazoezini huenda ameumia, huenda hana nauli, huenda ni msimu wa kupalilia. Na kuna anayecheza mguu ukiwa umevimba kwa sababu mechi hiyo ina posho. Ukitumia kanuni ya Ulaya bila kufikiri, wa kwanza utamhesabu ambaye hakuumia, na wa pili utamkosa aliyeumia kweli. Lazima umfuate mtu nyumbani au umpigie simu, umwulize kwa heshima, uandike sababu. Kazi hiyo ya miguu ndiyo utafiti wenyewe, na mtafiti wa nje hawezi kukufanyia, kwa sababu hajui kwamba kijana akikwambia "nilikuwa na udhuru" bado hujaambiwa kitu.

Na hesabu hizi huzaa matunda. Wanorwe walijaribu zoezi la kupasha misuli la dakika 20, lile linaloitwa FIFA 11+, kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi. Wadenmaki walichukua zoezi moja tu la nyuma ya paja, lile la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukajiachia kwenda mbele polepole. Katika timu 50, kundi lililolifanya lilipata majeraha 15 ya nyama za paja, na lisilolifanya likapata 52. Usidhani ni mambo ya nyasi za Ulaya tu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka ligi ya vijana ya Lagos, wachezaji zaidi ya 400, na FIFA 11+ ilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Mtafiti mkuu alikuwa Mnaijeria. Wenzako wakikwambia kazi hii ni ya Wazungu, waambie wasome ya Lagos.

Sasa tuje kwenye goti, maana ndilo lililokuleta.

Watu wengi hudhani ligamenti ya mbele hukatika mtu akikanyagwa. Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Mchezaji anakimbia, anataka kubadili uelekeo ghafla au anatua kutoka juu, goti linaingia ndani huku unyayo umeng'ang'ania ardhi, anasikia mlio, anaanguka. Siku hiyo hiyo goti linajaa damu. Kwa wasichana hutokea mara nyingi zaidi kuliko wavulana wa mchezo huo huo. Kisha linakuja lile ambalo huenda lilikupata hata wewe: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa, uvimbe unashuka baada ya wiki tatu, mtu anatembea vizuri, anaambiwa amepona. Anarudi uwanjani, goti linamkimbia, yaani linamwachia ghafla, mara ya pili na ya tatu, na kila linapomkimbia linasaga meniskasi, ule mto wa gegedu ulio kati ya mifupa. Wengi hutufikia wakati meniskasi imekwisha chanika. Simlaumu mchuaji, kwa kuwa aliyekuwepo siku ya kwanza ni yeye. Mimi sikuwepo.

Mgonjwa ambaye sijamsahau alikuwa kiungo wa timu ya wanawake, miaka 19. Nilimtengenezea ligamenti mpya kwa kano za nyuma ya paja lake mwenyewe, na upasuaji ulikwenda vizuri mno. Mwezi wa sita viongozi wa timu yake wakanipigia: ligi inaanza, wamtumie? Nilimlaza kitandani, nikalivuta goti, ligamenti imekaza kama kamba ya hema. Nikasema acheze. Wiki ya nne likakatika tena. Kosa lilikuwa langu. Nilipima ligamenti, sikupima paja. Msuli wa mbele wa mguu ule ulikuwa bado mdogo kuliko mwenzake, unaonekana hata kwa macho, na mimi niliutazama bila kuuona.

Mwaka 2016 watafiti wa Oslo, Norwe, na Delaware, Marekani, walichapisha jambo ambalo natamani ningelijua siku ile: kila mwezi ambao mchezaji anasubiri, mpaka kufika mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena goti kwa takriban nusu. Mwaka huo huo wengine walikusanya tafiti nyingi wakakuta kwamba vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni baada ya upasuaji huu, karibu mmoja kati ya wanne hukata ligamenti tena, ya goti lile lile au la pili. Tangu hapo simruhusu mtu kwa kalenda peke yake wala kwa kuvuta goti peke yake. Napima nguvu za paja kulia na kushoto. Namrusha kwa mguu mmoja na kupima umbali kwa futi ya fundi cherehani. Mguu ulioumia ukishindwa kufika asilimia 90 ya mwenzake, jibu langu ni bado, hata kocha akinuna.

Na lipo jambo gumu zaidi ambalo mpasuaji mtafiti lazima alikubali, nalo ni kuupima upasuaji wake mwenyewe. Bruce Moseley wa Houston, Marekani, alikuwa daktari wa timu ya kikapu ya Houston Rockets. Wapasuaji wengi wakati huo waliingiza kamera kwenye magoti yaliyolika, wakasafisha, na wagonjwa wakasema wamepata nafuu. Moseley akachukua wagonjwa 180. Baadhi walikwanguliwa goti, baadhi likaoshwa tu, na baadhi wakachanjwa ngozi pekee bila kitu kuingizwa, nao walikuwa wamekubali tangu mwanzo kwamba hawatajua wako kundi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2002: kwa miaka miwili ya kufuatiliwa, hakuna kundi lililopata nafuu kuliko lingine. Fikiria ujasiri wa mtu kuitangazia dunia kwamba kazi aliyokuwa akiifanya kwa mikono yake haikuwa na faida aliyoidhania.

Waswidi nao mwaka 2010 walichapisha habari za vijana wazima 121 waliokatika ligamenti kama wewe. Nusu walipasuliwa mapema. Nusu walianza na mazoezi ya tiba, na atakayeendelea kuhisi goti linamkimbia apasuliwe baadaye. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa sawa, na hata baada ya miaka 5 karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa, hilo ulizingatie, na beki anayetaka kurudi kwenye ligi ya ushindani mimi bado nitamzungumzia upasuaji. Lakini kwa nchi ambako skrubu na vifungo vya kushikia ligamenti huagizwa kutoka nje, na mchezaji wa daraja la tatu hana bima, habari hiyo ni kubwa. Ina maana kijana wa Mbeya asiye na fedha ya upasuaji bado ana njia, mradi awepo mtaalamu wa fiziotherapia wa kumsimamia. Kila ninapoulizwa ni kifaa gani tunakihitaji zaidi kwa wanamichezo wetu, hujibu kwamba ni wataalamu hao, wilayani, na wawe wengi.

Wenzako wamesema kweli kwa sehemu hii: ukiwa mpasuaji wa mifupa Afrika Mashariki, wagonjwa wako wengi hawatakuwa wanamichezo. Watakuwa majeruhi wa bodaboda. Utafunga chuma kwenye mapaja na miundi mpaka usiku, na goti la mchezaji litasubiri kwa sababu halimwagi damu. Nimewaona vijana wazuri wakivunjika moyo hapo. Usidharau kazi hiyo. Mikono ya kupasua goti kwa kamera hutengenezwa na miaka ya mifupa iliyovunjika, na wengi wa hao wa bodaboda nao walikuwa wakicheza mpira Jumapili.

Kuna suala la kutunza siri za wachezaji pia, ambalo vitabu vya zamani havikulijua kwa sura ya sasa. Siku hizi hali ya goti la mshambuliaji ni fedha, maana watu wanabeti. Utapigiwa simu na usiowajua wakikuuliza kwa upole kama fulani atacheza Jumamosi. Daftari lako la utafiti lisiwe na majina. Tumia namba, na orodha ya majina ikae mahali pengine chini ya kufuli. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kuchapishwa, pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, na kwa watoto wa shule pata ridhaa ya wazazi. Uongozi wa klabu ukitaka kujua kilichomo kwenye daftari, mwenye ruhusa ni mchezaji mwenyewe.

Basi kwa mwaka huu fanya haya. Mtafute mhadhiri mmoja wa takwimu na mmoja wa mifupa, uwaambie wazo la kuhesabu majeraha katika ligi moja ya wilaya kwa msimu mmoja. Muda wa likizo kaa na mtaalamu wa fiziotherapia, si chumba cha upasuaji. Thieta utaichoka baadaye. FIFA ina stashahada ya tiba ya mpira wa miguu kwenye intaneti, haina ada, isome polepole. Jifunze kulipima goti kwa mikono mpaka usihitaji MRI kukuambia lililokatika, kwa sababu sehemu nyingi utakazofanyia kazi kipimo hicho hakitakuwepo. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na shughuli kama hiyo huhitaji mikono mingi ya tiba uwanjani. Peleka jina lako mapema, hata kama utabeba machela. Ukiwa pembeni mwa uwanja utaona namna mtu anavyoanguka, jambo ambalo sisi tulioko kliniki husimuliwa tu.

Mwisho, goti lako. Umeandika kwamba ulipata nafuu, hukuandika kwamba ulipona. Simama kwenye mstari, ruka kwa mguu wa kulia mara tatu na upime ile ndefu zaidi, kisha ufanye hivyo kwa wa kushoto, taratibu, mtu akiwa karibu. Kama goti huwa linakukimbia hata kwenye ngazi, usiruke kabisa, nenda kapimwe kwanza. Ukikuta kushoto ni pungufu kwa zaidi ya kumi kwa mia, anza mazoezi ya paja wiki hii chini ya mtaalamu, ingawa miaka imepita. Kazi unayoitaka ni ya kusimama saa nyingi, na magoti utakayoyatumia ni hayo mawili.